Hija ya miguu kutoka Kibirizi hadi Ujiji: maelekezo ya mtu anayetembea wa mwisho

Miaka 31 nilikuwa gadi wa treni kwenye Reli ya Kati. Abiria humkumbuka dereva kwa sababu ndiye mwenye honi. Gadi hakumbukwi na mtu mpaka treni isimame porini usiku na watoto waanze kulia. Nilikaa behewa la mwisho na bendera mbili, filimbi na taa, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba treni iliyotoka Tabora na mabehewa 14 inaingia Kigoma na mabehewa 14. Mkuu wa stesheni treni ikipita hahangaiki na kichwa chake. Anatafuta taa ya nyuma. Asipoiona haruhusu treni nyingine ipite, maana huenda kuna behewa limekatika likabaki gizani katikati ya njia.

Nilipostaafu nikakuta watu wa parokia yetu wana hija ya miguu kila Kwaresima, wanatoka Kibirizi, mwalo wa mitumbwi ya wavuvi hapa Kigoma, wanafuata ufuko wa Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji. Wakaniuliza, mzee, wewe utasaidia nini? Nikawaambia nitakaa nyuma. Nimekaa nyuma mara sita sasa, na kila mwaka wageni wananiuliza maswali yale yale: nije na nini, nivae nini, nikichoka mtaningoja? Safari hii nimeona niandike.

Kwa barabara ya lami, Kigoma mjini hadi Ujiji ni chini ya kilomita 10. Ukipanda bodaboda unafika kabla hujamaliza kujibu maswali ya dereva. Sisi tunazunguka na ziwa: Kibirizi, stesheni, Bangwe, Katonga, ndipo Ujiji. Inatuchukua siku nzima kwa sababu tunasali Njia ya Msalaba vituo vyote 14, tunakula, tunapumzika, na kwa sababu tunakwenda kwa miguu ya yule aliye nyuma kabisa.

Kabla ya kuandikisha jina

Sisi si kikundi pekee kinachotembea. Kabla hujatoa mchango wako popote, muulize kiongozi swali moja tu: nani anakuwa wa mwisho? Akikujibu kwa jina la mtu, andika jina lako. Akikujibu "aa, tutakwenda wote pamoja," huyo bado hajaongoza watu. Watu hawaendi wote pamoja. Baada ya nusu saa vijana wako mbele wanaimba, kina mama wako katikati wanaongea, na nyuma kuna mzee mmoja anavua kiatu aone kuna nini.

Naijua hali hiyo kwa sababu safari yangu ya kwanza kabisa sikwenda na kikundi hiki. Nilikwenda na kingine, sitakitaja, kiongozi wake alikuwa kijana mwenye miguu ya swala na moyo mzuri tu. Tulipofika kwenye kijito kilichojaa mvua akaruka, wa mbele wakaruka, safari ikaendelea. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu akabaki ng'ambo. Hakupiga kelele, wazee wa kwetu wanaona haya kupiga kelele. Akakaa kwenye jiwe. Waliomvusha ni wavuvi, na waliotuambia kwamba ameachwa ni wavuvi hao hao, walipotufikia na mtumbwi saa nzima baadaye. Yule bibi alituambia neno moja tu, "Nilidhani mnajua." Mimi ndiye niliyekuwa nimestaafu ugadi mwezi mmoja kabla, na nilikuwa katikati ya msafara nikila karanga.

Swali la pili: mnahesabuje? Sisi tunatembea wawili wawili, na kila mtu anamjua mwenzake tangu asubuhi. Nikipiga filimbi mara moja kwa kirefu, watu wanasimama na kila mmoja anamtafuta mwenzake kwa macho. Hakuna haja ya kuita majina 40. Asiye na mwenzake ananyoosha mkono. Filimbi mbili fupi, tunaondoka. Kijana wangu mmoja alipendekeza tutumie kundi la simu kuhesabiana. Nikamwambia mikono ya mahujaji imeshika rosari, viatu na chupa ya maji. Simu wataishika na nini?

Saa za kwetu si saa zenu

Anayetoka Dar es Salaam au Morogoro ajue hili mapema. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini Kigoma tuko magharibi mno na jua linatuchelewa zaidi ya nusu saa kuliko kwenu. Wakati wa Kwaresima jua hapa linachomoza saa moja na dakika kadhaa, na linakuwa utosini saa saba na kitu, si saa sita. Kwa hiyo tukikuambia tunakutana Kibirizi saa 11:30 alfajiri, elewa ni usiku. Njoo na tochi. Mgeni mmoja alifika saa kumi na mbili akiamini kumepambazuka, akajikwaa kwenye kamba ya mtumbwi, na hija yake ikaanzia kwenye goti.

Faida yake tunaipata mwisho wa siku: jioni ni ndefu. Saa kumi na mbili na nusu bado kuna mwanga wa kutosha kumwona mtu aliye mita mia mbili nyuma. Ila joto nalo linasogea. Wakati mbaya kwetu ni kuanzia saa saba mpaka saa tisa na nusu, na katika masaa hayo tunataka tuwe tumekaa kivulini na sahani mkononi. Adhana ya adhuhuri inayotoka misikiti ya kando ya ziwa ndiyo kengele yetu ya chakula. Haijawahi kuchelewa hata siku moja, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu treni zangu.

Tunakwenda Jumamosi. Kuna waliotaka Ijumaa kwa sababu Njia ya Msalaba ni ibada ya Ijumaa, lakini Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, na kuingia na msalaba na nyimbo mchana wa Ijumaa watu wakielekea msikitini ni kukosa adabu ugenini. Padri alikubali bila mjadala.

Halafu kuna mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Ukitembea siku za giza utakuta mwalo wa Kibirizi alfajiri umewaka kama harusi: mitumbwi inaingia, kina mama wanagombania bei, ndoo zinapita juu ya vichwa. Ukitembea siku za mbalamwezi utakuta kimya na watu wana muda wa kukusalimu. Mimi napenda siku za giza kwa macho na siku za mbalamwezi kwa miguu, kwa sababu njia inakuwa wazi. Usije kati ya tarehe 15 Mei na 15 Agosti ukitegemea hekaheka hiyo bila kuuliza. Mwaka 2024 tarehe hizo ziwa lilifungwa, uvuvi ukasimamishwa ili samaki wazaliane, na Kibirizi ilikuwa kama stesheni isiyo na treni.

Mvua? Kwaresima kwetu ni mvua. Inaanza Oktoba au Novemba na kutuacha Aprili au Mei. Wengine wanashauri tuhamishie hija kiangazi, Julai, kukiwa kukavu. Nakataa kwa sababu mbili. Kwaresima ni Kwaresima. Na kiangazi kuna ukungu wa vumbi na moshi, ziwa linakuwa kama bakuli la uji, ng'ambo huoni kitu. Baada ya mvua ndipo milima ya Kongo inasimama pale mbele yako na mikunjo yake yote.

Miguu, tumbo na mzigo

Viatu: raba ulizozizoea, si za jana. Nasema hivi kila mwaka na kila mwaka kuna mtu anakuja na kiatu kipya alichonunua Mwanga sokoni kwa heshima ya hija. Kufika Bangwe ana malengelenge kwenye visigino vyote viwili. Paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni kabla ya soksi. Beba yeboyebo za plastiki kwenye mfuko kwa ajili ya vijito na mchanga, maana raba ikilowa saa tatu asubuhi utatembea na tope mpaka jioni. Kandambili hapana. Kwenye mawe ya Katonga kandambili inakatika ugwe na huna fundi.

Kina mama waje na kitenge cha ziada. Kinafanya kazi zote: mwavuli, taulo, kata ya kichwani, na pazia pale choo kinapokuwa mbali. Kuhusu choo, tunaomba kwenye nyumba za watu, tunasalimia kwanza, na tunaacha chochote kidogo. Usijisaidie ufukweni. Watu wanachota maji ya kupikia hapo hapo.

Chakula cha asubuhi kula kabla ya giza kuisha: viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na chai. Maharage ya mawese yaache kwanza. Nayapenda, mimi ni mtu wa Kigoma, lakini mawese asubuhi halafu mlima saa nne, tumbo litakukumbusha dhambi zako kabla ya padri. Mchana tunapikiwa Katonga na kina mama tunaowalipa mapema: ugali wa muhogo, migebuka ya kuchoma, na hapo ndipo mawese yanaruhusiwa. Mwaka jana mchango ulikuwa shilingi 8,000 kwa mtu, chakula na maji ndani yake, pamoja na bodaboda wa dharura nitakayemweleza mbele.

Maji lita mbili usipungue. Weka chumvi kidogo na sukari kwenye chupa moja.

Mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye kifafa, mwenye mimba changa: niambie mimi, pembeni, kabla hatujaondoka. Sitatangaza. Ninaandika namba ya simu ya mtu wa nyumbani kwako kwenye daftari langu, na mfukoni nina glukosi na pipi. Kuna mzee anakuja kila mwaka, ana kisukari, tumekubaliana kwamba nikimwona anaanza kuongea bila mpangilio nampa pipi bila kumuuliza. Tatizo ni kwamba yeye huongea bila mpangilio siku zote, kwa hiyo anakula pipi nyingi.

Kibirizi hadi stesheni

Mnapoondoka Kibirizi bado ni giza na kuna dagaa chini. Hili nalirudia: kuna dagaa chini. Wengine wanawaanika kwenye chanja, lakini wengi bado wanawamwaga mchangani, na alfajiri hutofautishi dagaa na mchanga. Fuata mgongo wa aliye mbele yako. Kijana wetu mmoja alikata kona apige picha akakanyaga katikati ya anikio la mama mmoja. Yule mama hakumtukana. Aliuangalia msalaba aliobeba, akasema, "Haya mwanangu, na hawa nao uwaombee." Tulinunua sado nzima, na tukaibeba mpaka Ujiji ikinuka.

Omba ruhusa. Kiongozi wetu huwapitia viongozi wa mwalo na wenyeviti wa mitaa wiki moja kabla, hata kama ni njia ya watu wote. Watu 40 wakitokea gizani na mishumaa wanatisha.

Bandarini hatupigi picha, na tukipita pale naomba watu wafunge midomo pia, si kwa ibada, ila kwa sababu walinzi wamechoka. Mimi huwa naiangalia meli ya Liemba kama ipo. Ilijengwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa hapa. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Waliosoma dini wakinieleza habari za ufufuko, mimi nafikiria chuma kile kikitoka majini na injini yake.

Stesheni ni kituo cha pili cha Njia ya Msalaba, Yesu anapokea Msalaba. Sikukichagua mimi, naapa. Reli ilifika hapa mwaka 1914, kilomita zaidi ya 1,250 kutoka Dar es Salaam, na tangu hapo tukaitwa mwisho wa reli. Tunasimama chini ya jengo lile la Wajerumani, na hapo ndipo nahesabu kwa mara ya kwanza kwa mwanga.

Bangwe, na kituo cha tano

Kutoka mjini unazunguka ghuba kuelekea Bangwe. Njia ni ya kawaida, kuna barabara, kuna watoto wanaopiga kelele, hakuna la kufundishana. Jambo la kufundishana liko kwenye kituo cha tano, Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kuchukua Msalaba.

Hapo tunabadilishana mizigo. Kila mtu anampa mwenzake mfuko wake, na anachukua wa mwenzake, mpaka kituo cha saba. Lilianza kama ibada, sasa nalitumia kama mzani. Mwenye mfuko mzito anajulikana hapo hapo kwa sura ya aliyeupokea. Tumegundua mifuko yenye pasi ya mkaa (sitanii), yenye Biblia tatu, yenye madumu mawili ya mawese ya kumpelekea shangazi Ujiji. Vya ziada vinapakiwa kwa bodaboda.

Bodaboda huyo tunamlipa siku nzima. Anatusubiri Bangwe, kisha Katonga, kisha anakwenda Ujiji. Mtu akichoka anapanda, anatungoja mbele, na akipata nguvu anaungana nasi. Hakuna aliyeshindwa hapo. Nimempandisha mwanajeshi mstaafu, nimempandisha mwanakwaya wa sauti ya nne ambaye hajanyamaza tangu Kibirizi. Sharti langu ni moja: ukitoka kwenye msafara, utoke kupitia kwangu. Nikuone, nikuandike.

Mwaka wa tatu tulifika Ujiji tukiwa 37 na tuliondoka Kibirizi tukiwa 38. Mwenzake wa yule aliyekosekana alisema, "Nilidhani yuko mbele." Wa mbele wakasema walidhani yuko nyuma. Tukarudi na tochi. Wavuvi wa Katonga wakaingia majini na mitumbwi kutafuta, wakati ndio wanajiandaa kwenda kazini, na usiku huo ulikuwa wa giza, usiku wa kupata pesa. Saa mbili usiku mama yake akapokea simu: kijana alikuwa nyumbani, Mwanga, ameoga, amekula, anaangalia mpira. Alichoka Bangwe, akaona haya kusema, akapanda bajaji. Mimi sikumfokea. Nilikwenda naye asubuhi Katonga, nyumba kwa nyumba, akawasalimia wale wavuvi mmoja mmoja, shikamoo, samahani. Siku hizi anakuja na bendera nyekundu, ni msaidizi wangu, na ana macho makali kuliko mimi kwa watu wanaoona haya.

Katonga, na habari za maji

Kutoka Bangwe kuja Katonga kuna kupanda na kushuka. Panda kwa hatua fupi, usiongee, imba ukifika juu. Huko juu ndipo ziwa linaonekana lote, na kiongozi wetu husimama hapo kuwaambia watoto kwamba hili ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470, na urefu wake ni kilomita 673. Watoto huuliza Ujiji iko wapi.

Zamani tulikuwa na kijia kizuri cha ufukweni baada ya Katonga. Miaka ya 2020 na 2021 ziwa lilijaa, likala nyumba, miti na vijia, na kipande cha kwetu kikaenda nacho. Maji yanapopungua mchanga unarudi lakini si pale ulipokuwa. Kwa hiyo usiamini maelezo ya mtu aliyepita miaka mitano iliyopita, hata mimi. Kiongozi lazima atembee njia yote wiki moja kabla, na mvua kubwa ikinyesha usiku wa kuamkia hija, tunapita kijia cha juu bila kubishana.

Watu watataka kuingia majini. Ni kweli maji yanavutia, meupe mpaka unaona samaki wadogo wa rangi kwenye mawe. Miguu tu, na pale kiongozi atakapoonyesha. Sehemu zenye majani na maji yaliyotulia zina kichocho. Kwenye miamba kuna swila wa majini, hana shida na mtu asiyemtafuta. Mamba ni wa kuwaulizia wenyeji, wao ndio wanajua kama mwaka huu yupo. Kisha kuna wale wanaosema, tuvuke kwa mtumbwi tufupishe. Hapana. Upepo wa ziwa hili hauagi, na sina maboya 40. Yule bibi wa kijito wavuvi walimvusha kwa mtumbwi, lakini huo ulikuwa mtumbwi wa kuokoa.

Baada ya chakula watu wanalala chini ya miembe. Waache. Nusu saa ya usingizi Katonga inaokoa saa nzima ya kujikokota mbele. Mkiamka, salimieni. Ukimwambia mzee wa Kiha "Mwidiwe" mchana, hata kama matamshi yako ni ya Kariakoo, atakuonyesha njia mpaka mahali ambapo hukuuliza.

Kuingia Ujiji

Tunafika mapema kidogo kabla ya alasiri. Hapo nyimbo zinashuka, na adhana ikianza tunanyamaza kabisa na kusimama mpaka iishe. Hakuna aliyetuagiza. Kuna wazee kwenye baraza wanatuambia karibuni, kuna mwaka walitutolea maji.

Katika msafara wetu kuna Wakatoliki, Walutheri wachache, Waanglikana, na dada mmoja Mlokole anayekuja kwa ajili ya mazoezi. Wote hubishana hapa nani alitangulia. Ukweli ni kwamba wamisionari wa Kiprotestanti wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie, wakafika Januari 1879, baada ya kutembea kutoka Bagamoyo. Walikuta Waislamu. Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza, nao walipofika mwaka 1858 walikuta wafanyabiashara Waarabu wameshawatangulia. Basi ubishi uishie hapo.

Nenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone, lipa kiingilio, waangalie wale wawili, Livingstone na Stanley, kwenye sanamu zao wanavyovuliana kofia. Walikutana hapa Novemba 1871. Miembe iliyopo ni uzao wa ule wa zamani uliokufa. Utashangaa ziwa liko mbali na mahali panaposemwa palikuwa karibu na maji. Si uongo. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio unaotoa maji ya ziwa hili, na ulikuwa umezibwa. Ulipofunguka mwaka 1878 ziwa likashuka kama mita 10 katika miaka iliyofuata, ufuko ukakimbia. Yaani ziwa linakwenda na kurudi, na vijia vyetu vinalifuata.

Sisi hatusali kituo cha 14 ndani ya kumbukumbu. Tunakisali nje, kwenye njia ya zamani ya misafara. Ujiji ndipo watu waliotolewa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walipoanza safari ya nchi kavu kwenda Bagamoyo, wamefungwa minyororo, na pembe za ndovu mabegani. Wazee wanasema miembe ya njia ile iliota kwa mbegu za misafara. Kituo cha 14 ni Yesu anazikwa, na katekista wetu hasomi maneno marefu hapo. Anasema tu tuwaombee ambao hakuna aliyewahesabu. Halafu tunanyamaza, na mara nyingi kinachosikika ni watoto wa Ujiji wakicheza mpira nyuma yetu.

Kisha napiga filimbi ya mwisho. Watu wanatafutana kwa macho, wawili wawili. Naandika namba kwenye daftari chini ya ile ya Kibirizi, na msaidizi wangu anakunja bendera.

Usirudi kwa miguu, hata kama unajisikia unaweza. Daladala za Ujiji zipo mpaka usiku, nauli haimo kwenye mchango, weka pembeni. Ukifika nyumbani usikae kitini moja kwa moja, tembea tembea uani, kisha loweka miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mke wangu huwa ameshaniwekea beseni kabla sijafika. Yeye haendi. Anasema amezaliwa Ujiji, amekulia Ujiji, na hajawahi kuona mtu anahiji kwao.